Tui la nazi kwenye swiming, na mambo mengine ya maji ya Mombasa

Alhamisi usiku simu inalia, ni mama mmoja wa Nyali niliyemfanyia kazi ya kubadilisha mchanga wa filta zamani kidogo, kanitumia picha WhatsApp na hata sijaifungua ashapiga. "Fundi, wajukuu wanakuja kesho kutwa kutoka Nairobi na treni, hebu niangalizie hii swiming." Nikafungua picha. Kijani. Na si kijani cha kusema labda ni kivuli cha mwembe, la, ni kijani cha mchicha uliosahaulika jikoni siku mbili, ngazi ya pili ya kuingilia majini haionekani.

Nikamuuliza, mama ushapima? Akasema kijana wa shamba amemwaga klorini kilo tatu tangu Jumatatu, na wakipima klorini ipo, kile kichupa kinageuka pinki kama kawaida. Sa hapo ndo watu wengi huchanganyikiwa, klorini ipo na maji ni kijani, wanaanza kusema dawa ni feki, duka limetuuzia chokaa. Mimi nikajua shida iko wapi hata kabla sijavuka daraja, lakini nikamwambia mama ntakuja asubuhi nipime, usimwage kitu chochote tena, chochote, hata ukiambiwa na nani.

Ntarudi kwa huyu mama. Lakini kwanza niseme linaloniwasha, manake nimefanya hii kazi miaka sasa, mahotelini na manyumbani, kuanzia Shanzu mpaka ng'ambo ya feri: sisi tunamwaga dawa kwa jicho. Kama ukwaju kwenye viazi karai. Maji yamepauka, mwaga. Maji yamekuwa kijani, mwaga zaidi. Mgeni kalalamika macho, eti dawa nyingi, acha kumwaga. Na kupima ni dakika tano tu!

Na sisemi haya kwa kiburi, manake mimi mwenyewe nilifanya madhambi yangu, tena makubwa.

Ilikuwa 2011, niko kijana, nimeingia kazi kwenye hoteli moja pwani ya kaskazini, siitaji jina. Kazi yangu ilikuwa kuzoa majani ya mivinje na kupanga vitanda vya jua, ya dawa alikuwa nayo mzee mmoja wa miaka mingi. Mkesha wa Idi mzee kaenda kwao Lamu, kaniachia mimi. Na kaniambia neno moja tu, "pima kabla hujamwaga." Jioni naona maji yana ukijani kwa mbali, nikamwaga klorini ya unga kilo mbili. Kidimbwi chenyewe kilikuwa mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu, yaani mita za ujazo 75, lita elfu 75. Nikasubiri kidogo nikachota maji, nikatia kile kidonge cha DPD, ile inayogeuka pinki kukiwa na klorini. Ikawa pinki kama kupepesa jicho halafu ikawa nyeupe, maji matupu. Nikajiambia, aah, klorini imeisha yote, hii dawa hafifu. Nikaongeza kilo tatu.

Asubuhi ya Idi nafika na kanzu yangu mpya, nimepita tu niangalie kisha niende swala, nakuta kidimbwi kizima ni tui la nazi. Wallahi tui, lile la kwanza, zito. Mkono ukiutia mpaka kwenye kiwiko huoni vidole. Wageni wamesimama na mataulo begani wananiangalia mimi na kanzu yangu.

Mzee alivyorudi hakunigombeza, hiyo ndo iliniuma zaidi. Aliniketisha pale chumba cha pampu akanieleza makosa mawili, na yote mawili mpaka leo naona watu wanayafanya.

La kwanza, ile DPD. Klorini ikizidi sana, tuseme imepita 10 ppm huko na kuendelea, inaichubua ile rangi yenyewe kama jiki inavyochubua shati. Kwa hio kichupa kinakuwa cheupe, na wewe unasoma sifuri kumbe uko kwenye mafuriko. Kilo tano za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye lita elfu 75 ni zaidi ya 40 ppm, wakati kidimbwi cha kawaida kinataka 1 mpaka 3 tu. Dawa yake ni rahisi, ukiona pinki imetokea ikapotea, chukua maji yale nusu, maji safi nusu, pima tena, halafu zidisha mara mbili. (Ppm ni miligramu kwenye lita moja ya maji, isikutishe.)

La pili ndo kubwa, nalo ni pH, kile kipimo cha ukali wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Maji ya ile hoteli yalikuwa ya kisima. Na Mombasa hii tumekaa juu ya matumbawe, kisima unachimba kwenye jiwe la chokaa, maji yanatoka yana kalsiamu na alkaliniti (ile inayoizuia pH isiyumbe) mpaka basi, ndo maana birika za watu wanaotumia maji ya kisima zina ukoga mweupe ndani. pH yetu siku ile ilikuwa imepita 8 tayari. Klorini ya unga yenyewe ni kalsiamu haipokloraiti, ukiimwaga inaongeza kalsiamu na inapandisha pH juu. Sasa maji yalikuwa yamebeba chokaa mpaka kwenye ukingo, mimi nikaongeza na kusukuma, chokaa ikashindwa kukaa ndani ya maji ikatoka, na ikitoka ndo lile tui. Haikuwa sumu wala uchawi, ni mawe ya Bamburi yanaelea tu.

Halafu mzee akanipa mfano ambao mimi humpa kila kijana ninayemfunza. Akasema klorini ukiitia majini ni kama umeajiri soja kumi. pH ikiwa 7.5, soja watano wako macho, watano wamelala. pH ikipanda mpaka 8, walioamka ni wawili tu, wanane wanakoroma na mshahara unalipa wa wote kumi. Ikiwa 7.2 wanaamka sita, saba hivi. Mfano wake uko sawa kabisa kikemia, manake klorini majini inakaa kwa sura mbili, moja inaua vijidudu haraka na nyingine ni goigoi, na pH ndo inaamua ngapi iwe ipi. Kwa hio mtu wa pH 8.2 anayeongeza klorini anaajiri soja wengine waje kulala.

Ndo manake mimi nikifika kwa mtu siulizi klorini kwanza, nauliza pH. Iwe kati ya 7.2 na 7.8, mimi napenda 7.4. Ikishuka chini ya 7 inaanza kula chuma na kula plasta, na macho yanawasha. Huku kwetu kushuka ni nadra, ila kwa wale wa vidonge ntakaowataja, shida yetu ya kila siku ni kupanda. Unaishusha na asidi, taratibu, pampu ikiwa inazunguka, upande wa kina kirefu, na jamani asidi ndo inaingia kwenye maji, usitie maji kwenye ndoo ya asidi, itakurukia usoni.

Alkaliniti nayo watu huiruka kabisa na ndo nanga ya pH. Iwe 80 mpaka 120. Ikiwa chini, pH inayumba kama ngalawa isiyo na nanga, leo 7 kesho 8. Ikiwa juu sana, na maji ya kisima huja hata 300, basi pH itapanda tu kila siku utakavyofanya, kwa sababu ile gesi ya kaboni inatoka majini, hasa kama una ile maporomoko ya urembo ambayo kila mwenye villa siku hizi anataka. Unashusha kwa asidi kidogo kidogo wiki kadhaa, huna njia ya mkato. Ukitaka kupandisha alkaliniti ni baikabonate, ile ile ya mandazi, kwenye lita elfu 75 kuongeza 10 ppm kunataka kilo moja na robo hivi. Kupandisha pH ni soda ash, na hapo Mungu ametupa wenyewe, inachimbwa Magadi na inapita hapa bandarini kwenda nje. Sa mtu mmoja akaniuliza, je yale magadi ya kupikia maharagwe? Yatapandisha, ndio, manake ni ndugu moja, lakini yana mchanga na uchafu wake na hujui nguvu yake, yaache kwenye sufuria.

Ugumu wa maji, yaani kalsiamu, uwe 200 mpaka 400. Wa visima huku wanapita hapo, hakuna dawa nzuri ya kuishusha ila kuchanganya na maji laini ya boza au ya mvua, na kushika pH isipande. Hao wasitumie klorini ya unga ya kalsiamu kila siku, watumie ya maji. Nami nilijifunza hilo nikiwa na kanzu.

Turudi Nyali.

Ijumaa asubuhi nimefika, shikamoo mama, marahaba, chai na mahamri juu ya meza kama kawaida ya huyu mama hakuachii ufanye kazi na njaa. Nikachota maji, na kuchota kwenyewe kuna adabu yake, unatia mkono mpaka kiwiko, mbali na pale maji yanapoingilia, usikombe ya juujuu. Klorini 3. Ipo kweli, mama hakusema uongo. pH 7.3, nzuri. Alkaliniti 70, iko chini kidogo. Nikamuuliza kijana wa shamba, hapa mnatumia nini kila siku? Akaniletea ndoo: vidonge, vile vikubwa vya kuelea kwenye kile chombo cha plastiki. Tangu lini? Tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Basi. Nikatoa kile kichupa kingine, kile chenye kidoti cheusi chini. Hiki ni cha kupima stabilaiza, kemia inaita asidi ya sayanuriki. Unachanganya maji na dawa yanakuwa na ukungu, halafu unamimina taratibu huku unaangalia kutoka juu mpaka kile kidoti kipotee, unasoma namba. Kidoti kilipotea hata sijamimina vizuri, manake imepita 100, kichupa hakisomi zaidi ya hapo. Nikachanganya nusu kwa nusu na maji ya chupa, nikapima tena, 90. Mara mbili, 180. Inatakiwa 30 mpaka 50!

Sasa stabilaiza si adui, wacha nieleweke vizuri nisije nikasingiziwa. Jua la Mombasa, hasa kaskazi Januari na Februari, linaikula klorini tupu kama moto wa makuti, ndani ya saa moja ya mchana nusu ishapotea, masaa mawili yakipita huna kitu. Stabilaiza ni mwavuli, inaishika klorini jua lisiiunguze. Bila hiyo kidimbwi cha nje huku utafilisika. Lakini inaishika kweli kweli, na ikizidi inaishika mpaka haiachi ifanye kazi. Klorini iko, kichupa kinasoma 3, lakini imefungwa mikono, mwani unaiangalia unacheka. Mafundi wana kanuni, klorini iwe kama asilimia saba na nusu ya stabilaiza ndo mwani usiote. Kwa 180 huyu mama alihitaji klorini 13 na ushei kila siku, ya kuogelea wajukuu? Haiwezekani.

Na imetoka wapi hiyo 180? Kwenye vidonge. Kidonge cha trikloro kinakuja na klorini na stabilaiza ndani yake pamoja, kila 10 ppm ya klorini inakuachia 6 za stabilaiza. Piga hesabu: kidimbwi kinakula 2 kwa siku, mwezi ni 60, stabilaiza 36. Miezi mitano, 180. Klorini inatumika inaisha, stabilaiza haiishi, haipai na jua, hailiwi na kitu, inabaki pale inaongezeka tu, inapungua kwa maji yanayorushwa nje na watoto na yale ya bakiwoshi, yaani kuosha filta kwa kurudisha maji kinyume. Na kidonge chenyewe ni kikali kama ndimu, kinashusha alkaliniti, ndo ile 70. Muuza duka hakwambii haya, yeye vidonge ndo vinauzika, unatupia unaenda zako. Mimi sivikatai, ukisafiri wiki mbili ni vizuri sana, lakini si chakula cha kila siku mwaka na nusu.

Dawa yake? Hakuna dawa. Ni kumwaga maji. Mama alinyamaza kidogo halafu akasema "yote?" Nikamwambia thuluthi mbili. Kidimbwi chake ni mita 10 kwa 4, kina wastani moja na nusu, lita elfu 60, kwa hio tumwage elfu 40, tubaki na stabilaiza kama 60, tutavumilia. Boza nne za lita elfu kumi. Akaniuliza, na kisima? Nikapima kisima chake, ugumu wake sitaki hata kuuandika. Tukakubaliana boza tatu na moja ya kisima. Kila mtu wa Mombasa anajua maji ya mfereji yanavyotoka, ukisubiri mfereji ujaze swiming utazeeka.

Hapa nisimame kidogo manake kuna watu watasoma hapa watoe maji yote kesho. Usitoe yote. Hasa kama nyumba iko karibu na bahari na ni wakati wa masika au maji ya bamvua. Chini ya ardhi kuna maji, na kidimbwi kikiwa kitupu ni kama ngalawa tu, maji ya chini yanakisukuma juu. Nimeona kimoja kimeinuka upande mmoja na vigae vimepasuka mstari mzima kama umechora na rula. Wa ufukweni toa thuluthi moja moja, jaza, toa tena. Utapoteza maji zaidi, manake ukitoa thuluthi mara tatu umetoa elfu 60 badala ya 40 na unafika hapo hapo karibu, 53, lakini kidimbwi kitabaki ardhini. Mama yeye yuko juu, mbali na ufuko, na ilikuwa kiangazi.

Wakati pampu inamwaga tukawa tunapiga soga na yule kijana wa shamba, akaniuliza maswali yote ambayo watu huniuliza nikiwa kwenye matatu wakijua kazi yangu.

Eti kidimbwi kinachonuka klorini kina klorini nyingi? La, ni kinyume. Ile harufu inayokuchoma puani ni klorini iliyokutana na mikojo na jasho ikageuka kuwa kitu kingine, kloramini, na ndo inayowasha macho. Kidimbwi safi hakinuki. Unapima klorini huru na klorini jumla, tofauti yake ndo hiyo kloramini, na kuivunja unahitaji klorini mara kumi yake kwa mpigo mmoja, jioni jua likishatua. Ajabu hiyo, kinanuka dawa na dawa yake ni dawa zaidi. Ila dawa nzuri kabisa ni bomba la kuogea pale pembeni. Msikitini huingii bila kutawadha, lakini swiming mtu anaruka na jasho la mpira na mafuta ya nazi kichwani, halafu kesho mnalalamika mstari mweusi kwenye vigae.

Eti nywele za wazungu zinakuwa kijani kwa sababu ya klorini? Si klorini, ni shaba, inayotoka kwenye mrututu ambao mafundi wengine wanautia kuua mwani. Mrututu unaua mwani kweli, sikatai, lakini hauondoki, unaganda kwenye nywele za manjano na kwenye plasta nyeupe. Niliwahi kuona bibi arusi wa kizungu analia siku moja kabla ya harusi yake ya ufukweni. Tangu siku hiyo mrututu na mimi basi.

Na shabu je? Shabu ndio, ile ile kinyozi anakupaka baada ya wembe. Inayakusanya matope madogo madogo yanakuwa mabonge yanazama chini usiku, asubuhi unayavuta polepole na kuyatoa nje moja kwa moja, valvu ikiwa kwenye kumwaga, usiyapitishe kwenye filta. Na ukigeuza ile valvu zima pampu kwanza, kila mara, nimebadilisha raba nyingi sana za watu wenye haraka. Filta yenyewe bakiwoshi ukiona geji ya presha imepanda 8 au 10 psi juu ya pale ilipokuwa ikiwa safi, si kila siku, filta safi mno inachuja vibaya.

Akaniambia bosi kamwambia awashe pampu masaa mawili tu, tokeni za umeme ghali. Nikamwambia hesabu iko wazi, pampu yenu inasukuma kama mita 10 za ujazo kwa saa, maji ni 60, kuzunguka yote mara moja ni masaa sita. Mkiwasha mawili thuluthi mbili ya maji hayajapita kwenye filta, mnaokoa tokeni mnanunua klorini. Mama alisikia hilo kutoka barazani, hakusema kitu.

Halafu kuna ile spa pembeni, lita elfu moja na nusu, watu huita Jacuzzi hata kama haijatengenezwa na Jacuzzi. Hii mimi huigopa kuliko kidimbwi. Watu wazima wanne kwenye lita 1,500 za maji ya moto, wanatoka jasho, mapovu yanapuliza, ni supu ile. Klorini inaisha haraka mno, kwa hio kiwango cha chini ni 3 na si 1, na vidonge vyenye stabilaiza sivitaki humo kabisa. Joto lisipite 40, na mama mjamzito au mtu wa presha aulize daktari kwanza. Kisha yale mapaipu ya mapovu, ndani yake kunaota utelezi ambao klorini haiupenyi, na humo ndo kuna wadudu wa vipele, vile vipele vyekundu vinavyokutoka chini ya nguo ya kuogelea siku moja mbili baadaye. Na kuna bakteria wa Legionela ambaye hata huhitaji kuingia majini, unavuta ule mvuke tu. Mwaka 1999 huko Uholanzi, mji wa Bovenkarspel, kwenye maonyesho ya maua, spa iliwekwa iangaliwe tu, inatoa mapovu, watu wakipita pembeni yake, na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuja kuangalia maua.

Kwa hio spa inamwagwa. Gawanya lita kwa 11, kisha gawanya kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku, hizo ndo siku zako. Ya mama na watu wanne ni kama siku 34. Alipoulizwa mara ya mwisho ilimwagwa lini, kijana wa shamba aliangalia mwembe.

Kabla sijaondoka Ijumaa nikaingia stoo ya dawa, roho ikaruka. Ndoo ya vidonge, ndoo ya klorini ya unga, mtungi wa asidi, zote shelfu moja, na kijiko kimoja cha kuchotea. Jamani. Vidonge na unga wa kalsiamu vikikutana, hasa na unyevu kidogo, vinawaka moto, vinalipuka. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi, ile ile iliyotumika vitani Ulaya 1915. Nikatenganisha, asidi nikaipeleka nje kwenye kibanda, kila ndoo na kijiko chake, nikaandika na maka nene mpaka mikono ikauma.

Jumamosi boza ya kwanza imekuja saa nne badala ya saa mbili, ya pili imekwama mtaa wa nyuma kwa sababu ya gari la arusi, wajukuu wanne wameshuka na SGR wamefika nyumbani na nguo zao za kuogelea, wanaangalia shimo lenye maji ya kijani magotini. Yule mdogo akamuuliza bibi yake, "hii ndo swiming?" Mama akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia pampu.

Jumapili jioni maji yamejaa, nikapima: stabilaiza 60, pH 7.8 kwa sababu ya ile ya kisima, nikaishusha mpaka 7.4 kwanza, kisha ndo klorini, 10 ppm kwenye lita elfu 60 ni gramu 920 za unga, hata kilo haijafika. Mama akaniuliza mara mbili kama nina hakika, yeye alimwaga tatu. Tukapiga mswaki kuta zote, pampu usiku kucha, Jumatatu nikarudia, Jumanne nikarudia. Jumanne maji yalikuwa ya buluu yenye ukungu, Jumatano asubuhi ukidondosha shilingi upande wa kina unaona imelala upande gani.

Wajukuu walikuwa washapanda treni Jumanne asubuhi. Siku zote walizokaa waliogelea Pirates, baharini, wakarudi na mchanga mpaka masikioni, na mama anasema yule mdogo aligoma kuondoka.